Kabla ya kuishusha pikapu yako mbele, zifahamu springi na struti

Na MWANDISHI WETU

UKIZURU maduka ya spea yaliyo kandokando ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, hutakosa kumwona kijana amesimama kando ya pikapu yake akimweleza fundi kwamba anataka gari hilo 'liketi chini'.

Aghalabu mazungumzo hayo huwa mafupi. Fundi huinama, huchungulia nyuma ya gurudumu la mbele, kisha hutaja bei ya springi na struti mpya. Mwenye gari akilalamika kwamba bei hiyo ni ghali, fundi huwa na jibu la pili: springi zilizomo zikatwe kwa grainda, na kazi imalizike kabla ya chakula cha mchana.

Ni jibu hilo la pili lililonisukuma kuandika makala haya.

Desturi ya nchi hii kwa miaka mingi imekuwa kinyume kabisa. Mfanyabiashara anayesafirisha kabeji kutoka Kinangop, au miraa kutoka Maua, huongeza bamba moja au mawili ya chuma katika springi za nyuma ili gari lisilale chini ya mzigo. Pikapu ya kazi huinuliwa, haishushwi. Lakini si pikapu zote siku hizi ni za kubebea kabeji. Zipo ambazo hazijawahi kuona gunia, na wenyewe hupenda zionekane nadhifu, zikiwa zimeinama kidogo mbele na magurudumu yamejaa ndani ya madigadi.

Mtindo wenyewe una historia ndefu ng'ambo. Huko California, Marekani, vijana wenye asili ya Mexico walikuwa wakishusha magari yao tangu miaka ya 1940, hata jimbo hilo likaweka sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 1958 ya kuzuia sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata, Ron Aguirre aliifunga Corvette yake pampu za haidroli zilizomwezesha kuishusha na kuiinua apendavyo, na hivyo kuikwepa sheria hiyo. Kutoka magari madogo, mtindo ulihamia kwenye pikapu.

Kushusha gari si kosa kwa jumla, wala hakulifanyi gari liwe bovu. Kitovu cha uzito kikikaribia ardhi, gari halilali sana upande linapokata kona. Hata kupakia mzigo huwa rahisi iwapo nyuma pia itashushwa. Tatizo ni namna kazi inavyofanywa.

Tuanze na springi. Kazi yake ni kubeba uzito wa gari na kuruhusu gurudumu kupanda na kushuka linapokutana na shimo au tuta. Lakini springi haina breki. Ukiibonyeza na kuiachilia itarukaruka mara kadhaa kabla ya kutulia. Hapo ndipo shokabsoba, ambayo mafundi huiita shoki kwa ufupi, huingia. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na upinzani huo hugeuza mtikisiko kuwa joto. Springi hubeba, shoki hutuliza.

Struti ni viungo hivyo viwili vikiwa vimeshikana: shoki katikati, springi ya koili imeizunguka, na juu yake kuna kikalio cha chuma na mpira kinachofungwa kwenye mwili wa gari. Jina hilo huhusishwa sana na Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyebuni mfumo wake katika miaka ya 1940. Kampuni ya Ford iliutumia katika magari ya Consul na Zephyr yaliyoonyeshwa London mwaka 1950. Katika mfumo huo, ambao ndio uliomo kwenye Toyota Probox zilizojaa katika barabara zetu, struti pia ndiyo mhimili ambao gurudumu hugeukia.

Pikapu ni tofauti kidogo. Gurudumu lake la mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini, na struti husimama katikati yao ikibeba uzito tu. Ndivyo zilivyo Toyota Hilux za kizazi kilichoanza kuuzwa miaka ya 2004 na 2005, Isuzu D-Max za kuanzia 2012, na kule Marekani Ford F-150 tangu toleo la 2004. D-Max za awali hazina springi ya koili mbele. Zina fito ndefu za chuma zinazojipinda, na kuzishusha ni suala la kulegeza bolti ya kurekebisha. Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua chochote ni iwapo gari lako lina struti.

Swali la pili ni kiasi. Katika pikapu, struti haikai pale pale gurudumu lilipo. Imeingia ndani, aghalabu karibu na katikati ya mkono wa chini. Matokeo yake ni kwamba ukiipunguza struti kwa sentimita mbili na nusu, gari halishuki sentimita mbili na nusu bali nne au tano. Wengi hulijua jambo hili wakiwa wameshachelewa, tairi likiwa linasugua madigadi kila usukani unapokatwa.

Sasa tulirudie grainda. Springi ya koili huwa ngumu au laini kulingana na unene wa chuma chake, upana wa duara, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ukipunguza mizunguko, springi huwa ngumu zaidi. Springi yenye mizunguko minane ikikatwa mmoja huongezeka ugumu kwa takriban asilimia 14, na ikikatwa miwili huongezeka kwa thuluthi moja. Hali hiyo si mbaya peke yake, kwani hata springi fupi za kiwandani hufanywa ngumu zaidi ili zisigonge chini.

Ubaya uko kwenye ncha. Ncha ya springi ya kiwandani imeundwa ili ilale barabara ndani ya kikalio chake. Ukiikata, inabaki ncha kali inayoegemea sehemu moja tu. Isitoshe, springi iliyokatwa huwa fupi mno kwa shoki ya zamani. Gari likiinuliwa na jeki, au gurudumu likining'inia juu ya shimo, springi hulegea ndani ya kikalio. Gurudumu likirudi chini, si lazima springi irudi mahali pake.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikubali springi za pikapu yangu zikatwe katika karakana moja ambayo sitaitaja. Kwa wiki mbili nilifurahia sura ya gari. Kisha jioni moja, nikivuka tuta lisilo na alama, nilisikia mlio kama wa nyundo upande wa kushoto na usukani ukavutika ghafla. Springi ilikuwa imetoka katika kikalio na kujipachika upande. Nilikuwa nikienda polepole, na hiyo ndiyo sababu naweza kusimulia.

Wapo pia wanaozichoma springi kwa moto wa gesi mpaka zilegee. Chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani. Ukikichoma ovyo unaufuta uwezo huo. Springi moja itashuka kuliko nyingine, na zote zitaendelea kushuka kadiri unavyoendesha. Afadhali ya kukata kuliko kuchoma, na hata kukata hakufai.

Njia sahihi, basi, ni kubadilisha springi pamoja na struti. Shoki ya kawaida ikiwekewa springi fupi huishi ikiwa imebonyea karibu na mwisho wake, na kila shimo huifanya igonge kizuizi cha mpira. Baada ya miezi michache huanza kuvuja mafuta. Struti zilizotengenezewa magari yaliyoshushwa huwa na mwili mfupi, na nyingine zina mifereji kadhaa ambamo kikalio cha springi kinaweza kuhamishwa ili mwenye gari achague kiwango anachotaka.

Kazi yenyewe huanza kwa kipimo, wala si kwa spana. Egesha gari mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya kila gurudumu la mbele hadi kwenye ukingo wa madigadi ulio juu yake. Andika. Bila nambari hizo hutajua gari limeshuka kiasi gani, wala iwapo upande mmoja umeshuka kuliko mwingine.

Weka mawe au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za magurudumu ya mbele kabla ya kuinua gari. Liinue kwa jeki, kisha likalishe juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya chesisi. Hapa hakuna mjadala: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Matofali nayo hupasuka bila kutoa onyo.

Baada ya kutoa gurudumu, ondoa linki inayounganisha mkono wa chini na fito ya kuzuia gari kulala upande, na ufanye hivyo pande zote mbili, la sivyo fito hiyo itakuwa ikivutana nawe. Fungua vishikio vya paipu ya breki na waya wa kihisi cha breki, kwa maana kitovu cha gurudumu kitashuka na kikizining'iniza vitakatika. Weka jeki ya pili chini ya mkono wa chini.

Struti ya pikapu ya aina hii hushikwa na bolti moja chini na nati tatu juu. Katikati ya zile nati tatu kuna nati ya nne, kubwa kuliko nyingine. Fundi mzoefu haigusi nati hiyo wakati struti ingali garini, na hata ikiwa nje haigusi mpaka springi iwe imebanwa. Ndiyo inayoizuia springi isifyatuke.

Tutue hapa kidogo. Chukua springi ya ugumu wa kilo nane kwa kila milimita moja, iliyobanwa milimita 100. Nguvu inayosukuma ni sawa na uzito wa kilo 800. Ikiachiliwa kwa ghafla hutoa nguvu sawa na ya mzigo wa kilo 40 ulioangushwa kutoka kimo cha mita moja, lakini katika kufumba na kufumbua, na ikielekea popote pale uso au mkono wa fundi ulipo.

Kifaa cha kubania springi ni jozi ya bolti ndefu zenye kulabu. Kulabu hupachikwa pande mbili zinazoelekeana, zikishika mizunguko mingi iwezekanavyo, na bolti hukazwa kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, ili springi isijipinde. Isikazwe kwa mashine ya upepo. Springi ikilegea ndani ya vikalio vyake kiasi cha kuweza kuizungusha kwa mkono, hapo ndipo nati ya katikati hufunguliwa. Wakati wote huo fundi asimame kando, na ncha za struti zisimwelekee yeye wala mtu mwingine. Mafundi wengine hufunga springi kwa mnyororo au kamba ya waya kama tahadhari ya ziada, nami nawaunga mkono.

Iwapo huna kifaa hicho, au kilichopo kina nyuzi zilizolika, peleka struti kwa karakana yenye mashine ya kubania. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo sioni haya kumlipa mtu mwingine aifanye.

Springi mpya ikishawekwa juu ya struti mpya, hakikisha ncha yake ya chini imekaa ndani ya kidaraja cha kikalio, na kwamba zile bolti tatu za juu zinaelekea upande ule ule uliokuwapo kwenye struti kuukuu. Ni vyema kuitia alama ya chaki kabla ya kuifungua. Badilisha pia mpira wa juu ikiwa umepasuka, na utumie nati mpya katikati.

Kurudisha ni kufuata hatua zile zile kinyumenyume, isipokuwa jambo moja ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulisahau. Bolti zinazopita ndani ya bushi za mpira zisikazwe kabisa gari likiwa hewani. Bushi hizo hujipinda gurudumu linapopanda na kushuka. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, zitakuwa zimepindika daima gari likisimama chini, na zitachanika mapema. Shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo kilicho katika kitabu cha gari lako.

Fanya pande zote mbili. Struti mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili ni kulifanya gari liwe kilema.

Baada ya hapo gari halijawa tayari kwenda Nakuru. Mikono ya gurudumu sasa imelala katika pembe mpya, na aghalabu sehemu ya juu ya tairi huinamia ndani kwa nusu digrii hadi digrii moja, huku tairi zikibadilisha uelekeo wake kidogo pia. Zisiporekebishwa, tairi zitalika upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka nyuzi zitokeze. Kwa hivyo mpeleke fundi wa alainimenti siku iyo hiyo. Katika Hilux za kizazi tulichotaja, mkono wa chini una bolti maalumu za kurekebisha pembe hiyo, lakini bolti hizo zina kikomo. Kadiri unavyoshusha zaidi, ndivyo zinavyoishiwa.

Halafu kuna taa, na hapa naomba msomaji anifuatie kwa makini. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya Hilux ni takriban mita 3.1. Ukishusha mbele pekee kwa sentimita tano, gari zima huinama kwa kiasi cha sentimita 1.6 katika kila mita. Tuseme taa ndogo ilikuwa imepangwa kuinama sentimita moja kwa kila mita, nayo iko sentimita 80 kutoka ardhini. Mwangaza wake ulikuwa ukigusa barabara mita 80 mbele. Sasa utagusa chini ya mita 30.

Dereva anayekwenda kilomita 80 kwa saa huzimaliza mita hizo 30 kwa sekunde moja na theluthi hivi. Kusimama kabisa kwa kasi hiyo, hata kwenye lami kavu na breki nzuri, huhitaji zaidi ya mita 50. Mwenye baiskeli isiyo na taa atakuwa ameonekana wakati hakuna tena la kufanya. Skrubu za kuinulia taa zipo nyuma ya kila taa, na kuzirekebisha ni kazi ya dakika chache mbele ya ukuta. Sielewi kwa nini hatua hii huachwa.

Wengi huamua kushusha na nyuma ili gari lisiiname. Pikapu hubebwa nyuma na springi za mabamba, lifu kama waitavyo mafundi, na hushushwa kwa kubadilisha vishikio vyake au kuhamishia ekseli juu ya springi. Kuna mtego humo. Pikapu nyingi zisizo na breki za kielektroniki zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Mwili wa gari ukikaribia ekseli, valvu hudhani gari limepakiwa mzigo na hupeleka nguvu nyingi kwa breki za nyuma. Gari likiwa tupu, na barabara ikiwa na unyevu, magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza na mkia wa gari huzunguka kutaka kwenda mbele. Kijiti hicho hakina budi kurekebishwa kila nyuma inaposhushwa.

Kisheria, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara, na mzigo huo uko begani mwa mwenye gari, si fundi. Springi iliyochomwa haiwezi kutetewa mbele ya mkaguzi. Ni busara pia kuiarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kazi, kwani badiliko lililofichwa huweza kuwa kisingizio cha kukataa fidia.

Kwa pikapu yenye kusukuma magurudumu yote manne, ushauri wangu ni kuiacha ilivyo. Ekseli zake za mbele hupitia viungo vinavyotaka pembe fulani, na aliyelipia uwezo wa kupita kwenye matope hana sababu ya kuuondoa.

Springi mpya hutua kidogo katika wiki za kwanza. Baada ya kilomita 500 hivi, egesha gari pale pale tambarare, pima tena kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye madigadi, na ulinganishe na nambari ulizoandika. Kaza nati zote upya. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, kuna springi ambayo haijakaa sawasawa katika kikalio, na gari lirudi kwa fundi kabla halijavuka tuta jingine. Zile springi na struti za zamani usiziuze kwa wauza vyuma. Zifunge kwa gunia uziweke, maana atakayenunua pikapu hiyo huenda akawa ni mwuza kabeji.